Mtulize Aseme

Watu wanaojisifu kwamba wana kinyaa nimewachunguza kwa miaka mingi, na sijamwona hata mmoja ambaye kinyaa chake kilimfanya anawe mikono. Kinamfanya azibe pua tu. Akishaziba pua anajiona msafi, na yule aliyezibiwa pua anakuwa ndiye uchafu wenyewe.

Mimi ni nesi, natoka Tumati, jina langu Tekla. Nimefungua vidonda vyenye funza. Nimefua kwa mikono hii mashuka ya wagonjwa wa kuhara, na nikitoka hapo nanawa nakula ugali wangu bila wasiwasi. Kazi haijawahi kunitia kichefuchefu. Walionitia kichefuchefu ni watu, na kuliko siku zote ni siku moja ya kliniki ya wajawazito, msimu wa mavuno, miaka ile shamba la ngano la serikali kule Hanang lilipokuwa bado na kombaini za kuvunia zinazotembea.

Zahanati ya shamba ilikuwa vyumba viwili na baraza. Wakati wa mavuno makapi ya ngano yaliingia kila mahali, kwenye chai, kwenye pamba, kwenye macho ya watoto waliozaliwa jana. Tulikuwa na jokofu la mafuta ya taa lililoletwa kwa ajili ya chanjo, na meneja wa shamba alikuwa anahifadhi humo nyama yake ya mbuzi. Damu ya nyama ilidondokea vichupa vya chanjo. Kila asubuhi nilikuwa navifuta huku nikimlaani kimoyomoyo, maana kumlaani kwa sauti kungenirudisha Tumati kupalilia maharage.

Siku hiyo benchi la barazani lilikuwa limejaa wanawake, matumbo mbele, wengine na watoto mgongoni. Nilikuwa ndani, nimeweka sikio kwenye tumbo la mmoja wao nikisikiliza moyo wa mtoto, mara nikasikia benchi linaburuzwa na miguu inakimbia. Yule mama niliyekuwa nampima akachungulia dirishani, akajifunga khanga yake haraka haraka, akatokea mlango wa nyuma bila kuaga. Nilipotoka nje nilikuta baraza tupu. Wote walikuwa wamejibanza nyuma ya tangi la maji, khanga puani.

Katikati ya uwanja alikuwa amekaa msichana kwenye vumbi, jua linampiga utosini. Nyuma yake, mbali kiasi cha mtu kurusha jiwe, walisimama baba yake na mama yake. Niliwafahamu wote watatu. Msichana alikuwa Letisia, na baba yake ni Mwalimu Nicodemo, katekista wa Mogitu, mtu wa kanzu nyeupe na sauti nzito, ambaye alinibatizia watoto wengi mahututi padre alipokuwa mbali. Mama yake ni Justina. Baada ya Pasaka Letisia alifanya kibarua jikoni kwenye kambi yetu, akiwapikia madereva. Alikuwa msichana mnene wa mashavu, akicheka unamsikia mpaka karakana. Huyu aliyekaa vumbini alikuwa mifupa iliyofunikwa khanga.

Na alikuwa anapumua. Sijui niielezeje pumzi ile kwa mtu ambaye hajaiona. Mtu aliyekimbia anahema pumzi fupi fupi, kisha anapoa. Letisia alikuwa anavuta pumzi ndefu, ya chini kabisa, anaitoa yote, anavuta nyingine papo hapo, mabega yakipanda na mbavu zikifunguka, kama mtu anayetwanga na hajui mahindi yataisha lini.

Aliponiona alijaribu kuinuka.

"Shi," akasema. Akavuta pumzi. "Ka." Akavuta nyingine. "Moo."

"Marahaba, mwanangu. Usiseme tena."

Nikainama. Mdomo wake ulinuka utamu, utamu mbaya, wa pombe ya asali iliyopitiliza siku zake. Hiyo ndiyo harufu waliyoizibia pua wale wanawake. Mmoja alisema kwa sauti kutoka nyuma ya tangi kwamba amekunywa gongo na mizizi ili aitoe, na wenzake wakaguna kukubali.

Aitoe nini? Mimba. Kwetu Wairaqw, tangu mababu, msichana akipata mimba kabla ya kuolewa hakai tena ndani ya nyumba ya watu. Anatolewa. Asipotolewa, wanasema, kifo kitaingia nyumba hiyo na kitaanza na watoto wachanga. Haguswi, halishwi kwa mkono, hakanyagi kizingiti cha mwenye mtoto. Atakaa nje hivyo mpaka amtaje mwanaume na mwanaume huyo amchukue. Wamisionari wamekuja, tumejenga makanisa ya mawe, tumeimba Kilatini na Kiswahili, lakini mwiko huo ulibatizwa pamoja na wenyewe ukaendelea na maisha yake. Mimi mwenyewe nimelelewa nao. Nimewahi kumwona binamu yangu akila chini ya mti wa jirani kama mbwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Letisia alirudi nyumbani kutoka kambini akiwa anatapika. Alikuwa na kiu isiyoisha, anaamka kukojoa kila mara, anachoka kabla ya kazi kuanza. Wanawake wa Mogitu wakahesabu: Pasaka, kambi, madereva, matapishi. Hesabu ikatoka. Wakamtoa. Alikuwa analala kwenye kibanda cha kulindia mahindi, na mama yake alikuwa anamwekea chakula juu ya jiwe, anarudi nyuma, kisha anamwita.

Nilimfuata Nicodemo pale aliposimama. Nilikuwa nimekasirika, lakini yeye ni mkubwa wangu, na adabu ni adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nesi. Habari za kazi?"

"Njema. Habari za Mogitu?"

"Njema tu."

Njema tu! Binti yake anapigania pumzi pale vumbini kama ng'ombe aliyeangukia shimoni, na habari za Mogitu ni njema tu.

"Tumekuletea huyu," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Hii pumzi ilimwanza juzi. Tukimwuliza hawezi kujibu. Sasa wazee wamesema tumlete kwako, umpige sindano ya kumtuliza. Mtulize aseme. Akishamtaja huyo mtu tutajua la kufanya."

"Mmemleta atibiwe au aseme?"

"Aseme kwanza, Nesi. Mengine yatafuata."

Nilirudi kwa Letisia, nikamwinua mikononi. Alikuwa mwepesi hata nikaona aibu kwa niaba ya waliomzaa. Justina akapiga kelele, "Nesi, usimwingize ndani! Kuna wajawazito humo!" Nikamwingiza ndani. Nikamlaza kwenye kitanda changu cha kupimia na kumfunua tumbo. Lilikuwa limebonyea kiasi kwamba vidole vyangu viligusa uti wa mgongo kwa mbele. Kwa hesabu zao wale wanawake, mimba ilitakiwa kuwa imefika kitovuni. Kwenye pindo la khanga yake, pale alipojikojolea, sisimizi walikuwa wamejipanga wanakula.

Nikaukinga mkojo wake kwenye chupa, nikachanganya na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari, nikaipasha moto juu ya jiko la spiriti. Haikuchelewa. Buluu ikageuka kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa rangi ya tofali. Alikuwa na kisukari, kile kinachowapata vijana, kinachokuja haraka na kuua haraka. Dawa yake ni insulini, na insulini haikuwahi kuingia kwenye jokofu letu. Kulikuwa na chanjo na nyama ya mbuzi tu humo.

Nilimtundikia dripu ya maji ya chumvi, kisha nikatoka na kichupa changu mkononi kama mjinga, nikidhani rangi itawashawishi.

"Hana mimba," nikawaambia. "Nimempapasa, tumbo ni tupu. Ana ugonjwa wa sukari. Tazameni mkojo wake."

Nicodemo alikitazama kichupa akarudi nyuma. "Hiyo ni damu," akasema. "Kwa hiyo ni kweli alitaka kuitoa."

"Mwalimu, hii si damu. Ni dawa imebadilika rangi."

"Nesi, tunakuheshimu. Lakini tunajua nyie wa shamba mnawafichia wasichana wa kambini. Mpige sindano atulie."

Sindano yenyewe nilikuwa nayo, na alijua. Ilikuwepo ya usingizi kwa ajili ya wenye kifafa. Ningemdunga angetulia kweli.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja mkali ambaye siku moja alituamuru darasa zima tuzibe pumzi. Tukaziba. Mmoja mmoja tukaachia, akabaki kijana mbishi kuliko wote, uso umemvimba, macho yamemtoka, mpaka naye akashindwa akavuta hewa kwa kishindo. "Nani amekushinda?" mkufunzi akamwuliza. Kisha akampiga kofi dogo kisogoni, pale shingo inapoanza. Humo ndani, akatuambia, kuna shina la ubongo, na kwenye hilo shina kuna chembe hai ambazo kazi yao ni kuonja damu mchana na usiku. Hazionji utamu. Zinaonja ukali. Ile hewa chafu tunayotoa puani ikijaa kwenye damu, damu inakuwa kali, na zile chembe zinapeleka amri kifuani: toa, toa upesi. Haziombi ruhusa kwako. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kujiua kwa kuziba pumzi.

Nilijaribu kumweleza Nicodemo hayo kwa maneno ya nyumbani. Nilimwambia mwili wa binti yake umeshindwa kutumia sukari, umebaki na njaa katikati ya chakula, na kwa njaa hiyo unaunguza mafuta yake wenyewe. Kuungua huko kunaacha asidi, kitu kikali, na harufu ile tamu ni ya kuungua huko, gongo haikuhusika. Damu imekuwa kali kama maziwa yaliyoganda siku nyingi. Shina la ubongo limeonja, na njia pekee lililo nayo ya kupunguza ukali ni kuitoa hewa chafu kwa wingi, pumzi kubwa baada ya pumzi kubwa, bila kupumzika.

"Hiyo pumzi ndiyo inayomweka hai," nikasema. "Na mtu akiongea, anaizuia pumzi yake kidogo ili maneno yatoke. Letisia hawezi kuizuia hata kidogo. Ubongo wake haumruhusu. Ukimtuliza aseme, unamuua."

Alinisikiliza kwa makini, kama anavyowasikiliza watoto wa komunyo ya kwanza. Kisha akasema, kwa upole ambao ulinichefua kuliko matusi, "Nesi, nina wajukuu wanne nyumbani. Akifa hajamtaja mtu, kifo kinabaki kwetu. Wewe utakuja kuwazika?"

Aliamini. Hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi, kwamba hakuwa mnafiki hata kidogo. Mtu huyo Jumapili iliyotangulia alitusomea jinsi Bwana alivyomgusa mkoma, akatuhubiria hadi akatoa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli.

Nikaenda karakana kumtafuta Sulle, dereva wa Landrova ya shamba. Meneja alikuwa Arusha na gari lake jingine, kwa hiyo ruhusa ilikuwa kwa Sulle mwenyewe. Hospitali ya misheni yenye insulini ilikuwa mbali, lakini kwa Landrova tungefika mchana ule ule. Mke wa Sulle nilimzalisha mimi, wiki hiyo hiyo, mtoto wa kiume aliyetanguliza makalio, na nilimtoa mzima.

Alipojua ni nani wa kubebwa, Sulle alishusha macho.

"Dada Tekla, niombe kitu kingine chochote."

"Hana mimba, Sulle. Nimempima mimi. Mikono hii hii iliyomtoa mwanao."

"Najua. Mimi nakuamini." Alikuwa anafuta mikono yake kwa tambara chafu la girisi, anaifuta tena na tena. "Lakini nikirudi nyumbani mke wangu atauliza nilimbeba nani. Mama yangu yupo pale. Hawatanipa mtoto nimshike. Na akiugua hata mafua tu, Dada, watasema ni mimi niliyemletea kifo."

Nikamwambia maneno ambayo nesi hatakiwi kuyasema. Nikamwita mwoga, nikamwambia gari la serikali analiendesha kwa akili ya bibi yake. Akakubali yote. Funguo hakutoa.

Aliyetoa msaada alikuwa Tluway, kijana wa trekta, ambaye alikuwa amelala chini ya tela akisikiliza kila kitu. Akatoka amejaa vumbi mpaka kope. "Mimi sina mke wala mtoto," akasema. "Nitamuua nani? Ila trekta haikimbii, Nesi. Tutakwenda taratibu." Tukatandika magunia matupu kwenye tela. Letisia nikamlaza juu yake, kichwa mapajani mwangu, chupa ya dripu nimeishika juu kwa mkono mmoja. Nicodemo na Justina wakapanda nyuma kabisa, wakakaa ukingoni, migongo yao ikigusa mlango wa tela. Sikuwaalika. Walikuja kwa ajili ya jina.

Tuliondoka wale wanawake wa kliniki wakitoka nyuma ya tangi. Mmoja alikuwa anamwaga majivu pale uwanjani, mahali Letisia alipokaa.

Barabara ilikatiza ngano pande zote mbili. Mlima Hanang ulikuwa mbele yetu, na tulipiga mwendo mrefu bila mlima kuonekana umesogea. Kombaini zilikuwa zinakula shamba kule mbali, vumbi lao linatufuata. Kila mara trekta ilipoingia kwenye shimo kichwa cha Letisia kiliruka mapajani mwangu, na kila kiliporuka pumzi yake iliendelea pale pale ilipoishia, haikukosea hata mara moja. Nilianza kuipenda pumzi ile. Nilikuwa naihesabu kimya kimya kama mtu anayehesabu rozari.

"Letisia," Nicodemo akaita kutoka nyuma. "Mtaje."

Msichana alifungua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, ulimi umekuwa mweupe.

"Ha," akasema. Pumzi. "Ku." Pumzi. "Na."

"Bado anakataa," Nicodemo akamwambia mkewe.

"Amekujibu, Mwalimu!" nikapiga kelele kuishinda trekta. "Amesema hakuna! Unataka akwambie mara ngapi?"

Akatikisa kichwa kwa huzuni, kwa ajili ya binti na kwa ajili yangu. Justina alikuwa anatazama miguu yake. Mara mbili nilimwona akinyoosha mkono kuelekea kwenye mguu wa binti yake, unyayo ulikuwa pale karibu, umechubuka, na mara zote mbili akaurudisha mkono ndani ya khanga.

Dripu ya kwanza iliisha. Nikaweka ya pili, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho tuliyokuwa nayo zahanati nzima. Jua likatoka utosini likaanza kuteremka. Tulikuwa tumepita njia panda ya kwenda Masakta, na nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba tutafika, nilipohisi kitu kimebadilika mapajani mwangu. Pumzi ilikuwa imepungua. Kwanza kina, kisha mwendo. Mabega yalishuka. Mbavu, ambazo tangu juzi hazikupumzika, zikawa zinapanda nusu na kuachia.

Justina ndiye aliyeona kwanza. "Ametulia," akasema. Akainua mikono. "Baba Letisia, ametulia! Bwana asifiwe!"

Hakuwa ametulia. Misuli ya mbavu ilikuwa imechoka kama punda aliyebebeshwa kupita nguvu zake, na shina la ubongo, lililokuwa limelowekwa kwenye ukali ule kwa siku tatu, lilikuwa linazimika. Amri hazikufika tena kifuani. Sasa ile hewa chafu ilikuwa inabaki ndani, na kila pumzi ndogo iliyotoka ilimwacha na damu kali zaidi. Nilimpigia Tluway kelele aongeze mwendo. Akaongeza, tela likaanza kurukaruka na magunia yakatuteleza.

Ndipo Nicodemo akasogea. Siku nzima hakumkaribia, na sasa alitambaa kwa magoti juu ya magunia mpaka akafika, akainamisha sikio lake karibu na mdomo wa binti yake. Uso wake ulikuwa na matumaini. Nauona mpaka leo.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Sasa umepata nafasi. Mtaje."

"Ondoa sikio lako hapo!"

"Kidogo tu, Nesi. Ametulia, sasa ataweza."

Nilimsukuma. Nilimsukuma mkubwa wangu, katekista, kwa kiwiko kifuani, akaangukia makalio. Nikaiachia chupa, nikaziba pua ya Letisia, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake uliopasuka, nikapuliza. Ule utamu uliooza ukanijaa kooni. Nikapuliza tena. Nilijaribu kufanya kazi ambayo ubongo wake uliifanya peke yake, kutoa na kuingiza, kutoa na kuingiza, na sikuweza kufikia hata nusu ya mwendo wake. Pembeni yangu nilisikia mtu anatema mate nje ya tela. Alikuwa Nicodemo. Hakuvumilia kuona.

Sijui nilipuliza kwa muda gani. Tluway alikuwa amesimamisha trekta na kushuka, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mapigo ya moyo hayakuwepo tena chini ya kiganja changu. Nikanyanyua kichwa, nikajifuta midomo, na hewa safi ya uwanda ikaniingia bila mimi kuiomba.

Nicodemo alikuwa ananitazama mdomo.

"Mlikuwa karibu," akasema. "Amekuambia? Amemtaja?"

Nimefanya kazi miaka thelathini na zaidi tangu hapo na sijawahi tena kusikia swali linalonuka kama lile. Nilijua nikifungua mdomo nitatapika, na sikutaka kumtapikia Letisia.

Aliyesogea ni Justina. Alikuja kwa magoti, polepole, akiogopa, akainua khanga ya mwanawe na kuweka mkono juu ya tumbo. Aliubonyeza mkono kama wanawake wa kwetu wanavyobonyeza wakitaka kujua mwezi wa mimba. Akausogeza chini, akabonyeza tena. Akaweka na mkono wa pili. Alipapasa tumbo lile lote, kutoka kwenye mbavu mpaka kwenye kinena, halafu akaanza upya kana kwamba amekosea mahali.

"Baba Letisia," akasema. "Njoo uguse."

Nicodemo alikuwa amerudi ukingoni, nyuma kabisa.

"Njoo uguse hiyo mimba."

Aliita hivyo tena na tena, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti iliyowafanya wenye kombaini wasimame kule shambani kutazama, na mwalimu wetu wa dini akabaki amekaa ukingoni, mikono katikati ya magoti.